ICD-10 au ICD-11, mkono au mashine: hospitali yako ichague nini

Juu ya meza kuna faili la mtoto wa miaka minne aliyelazwa siku tatu wodi ya watoto. Kwenye muhtasari wa kuruhusiwa daktari ameandika neno moja tu: malaria. Nyuma ya karatasi hiyo, yamebanwa kwa pini, yapo majibu ya maabara: vimelea vya falciparum vimeonekana, hemoglobini 4.6, na chini yake fomu ya damu aliyoongezewa usiku uleule. Mwenzangu wa masijala alikuwa na mafaili mengine sitini yanamsubiri. Akaandika B54, akafunga faili, akavuta lingine.

Katika ICD-10, ainisho la kimataifa linaloupa kila ugonjwa msimbo wake, B54 ni malaria isiyobainishwa. Kwenye takwimu za mwaka, mtoto yule aliyenusurika kwa chupa ya damu anahesabiwa sawasawa na mtu mzima aliyepewa dawa ya mseto akarudi nyumbani kwa miguu yake. Hospitali ikija kuomba bajeti ya benki ya damu, takwimu zake zenyewe zinaonyesha kwamba malaria kali ni chache pale.

Naanza na faili hilo kwa sababu siku hizi, kila ninapokutana na wenzangu wa kumbukumbu za afya, maswali ni mawili. La kwanza: tubaki na ICD-10 tuliyoizoea au tuhamie ICD-11? La pili: tuendelee kuweka misimbo kwa mkono au tununue programu itufanyie? Watu huyauliza kwa pamoja kana kwamba ni swali moja, na wauzaji wa programu wanapenda yabaki hivyo. Ni maswali mawili, na jibu la moja halitokani na la jingine. Unaweza kuhamia ICD-11 bila kununua chochote, na unaweza kununua programu ghali ukabaki ICD-10 miaka yote. Mimi nina msimamo wangu nitakaoueleza hapa chini, lakini kwanza tuweke vitu viwili viwili mezani tuvilinganishe.

Ainisho la zamani na jipya

Ainisho la Kimataifa la Magonjwa lina umri mkubwa kuliko hospitali nyingi tunazofanyia kazi. Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha yake ya sababu za vifo mwaka 1893, na Shirika la Afya Duniani, WHO, likaichukua kazi hiyo mwaka 1948 kwa toleo la sita. ICD-10 ilipitishwa mwaka 1990. ICD-11 ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani Mei 2019 ikaanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, huku nchi zikipewa kipindi cha mpito cha miaka isiyopungua 5. Kwa hiyo hakuna hospitali inayovunja sheria ya dunia kwa kutumia ICD-10 leo. Ila ujue kwamba WHO imeacha kuiendeleza: toleo lake la mwisho ni la 2019, na kilichoongezwa baada ya hapo ni kama ile misimbo ya dharura ya UVIKO-19, U07.1 na wenzake. ICD-11 inatoka upya kila mwaka.

Tofauti ya kwanza utaiona kwa macho. Msimbo wa ICD-10 ni herufi moja na tarakimu: shinikizo la damu ni I10, kisukari aina ya pili ni E11, selimundu ni D57. Msimbo wa ICD-11 una vipande vinne kabla ya nukta, na kipande cha pili siku zote ni herufi: shinikizo la damu ni BA00, kisukari aina ya pili ni 5A11, selimundu ni 3A51. Mwanzoni unauona mgeni. Lakini kuna jambo dogo ambalo aliyewahi kuingiza fomu za mkono kwenye kompyuta atalipenda: ICD-11 haitumii kabisa herufi I wala O. I10 iliyoandikwa kwa kalamu ya wino inayovuja inasomeka 110. Nimeona rejesta nzima ya kliniki ya presha ikiingizwa hivyo, na mfumo ukaikataa mstari kwa mstari hadi saa tatu usiku. Kwa BA00 kosa hilo halipo, maana ukiona duara unajua ni sifuri.

Tofauti ya pili ndiyo kubwa, nayo ni kuunganisha. Katika ICD-10 kila hali imefungiwa kwenye msimbo wake. Ukitaka kueleza zaidi, unaongeza msimbo mwingine pembeni na kutumaini kwamba msomaji ataelewa uhusiano wake. ICD-11 ina misimbo ya shina, inayosimama peke yake, na misimbo ya nyongeza inayoanza na X ambayo inaeleza upande, ukali, mahali au chanzo. Unaziunganisha kwa alama: mkwaju kati ya shina na shina, alama ya & kati ya shina na nyongeza. Mguu wa kushoto uliovunjika unakuwa mstari mmoja unaosema mfupa gani na upande gani.

Mrudie mtoto wetu. Kwa ICD-10, mweka misimbo makini angempa B50.8, malaria kali ya falciparum yenye matatizo mengine. Kama malaria ingepanda kichwani ingekuwa B50.0. Kwa ICD-11 angepewa shina la 1F40, malaria ya falciparum, likaunganishwa na msimbo wa upungufu wa damu, na kundi zima likasomeka kama tukio moja la mgonjwa mmoja. Tena ICD-11 ina kitu ambacho kwa nchi zetu nakithamini sana: 1F45, malaria isiyothibitishwa na kipimo. Katika ICD-10, mgonjwa aliyetibiwa kwa kukisiwa na yule ambaye karani hakusumbuka kuangalia maabara wote huishia B54. ICD-11 inawatenganisha. Anayesimamia vita dhidi ya malaria mkoani anaweza kuona ni kituo gani kinatibu bila kupima, na kama vitepe vya kipimo cha haraka viliisha mwezi ule.

Ila kuunganisha huko kuna gharama, na hapa ndipo hospitali nyingi zitajikwaa. Mfumo wa hospitali uliotengenezwa kwa ajili ya ICD-10 mara nyingi una sehemu ya msimbo yenye nafasi tano au sita tu. Ukiingiza kundi la ICD-11 lenye shina mbili na nyongeza moja, mfumo ama unakataa ama, vibaya zaidi, unakata mkia kimyakimya na kuhifadhi kipande cha mwanzo. Kabla hujasema "tumehamia", mwambie afisa TEHAMA akuonyeshe sehemu hiyo kwenye kanzidata ina upana gani. Ni swali la dakika mbili.

Jambo la tatu ni kuhama kwa magonjwa kutoka sura moja kwenda nyingine. Kiharusi kilikuwa kwenye magonjwa ya mzunguko wa damu katika ICD-10, misimbo ya I60 hadi I69. Katika ICD-11 kimehamia magonjwa ya mfumo wa fahamu, misimbo inayoanza na 8B. Ni sahihi kitabibu, kwa kuwa kinachoharibika ni ubongo. Lakini fikiria taarifa yako ya mwaka wa kwanza: grafu ya moyo na mishipa inashuka ghafla, ya mishipa ya fahamu inapanda, na mkuu wa mkoa anauliza mmefanya nini kizuri. Hamjafanya kitu. Andika maelezo chini ya jedwali tangu mwanzo. WHO inatoa majedwali ya kutafsiri kutoka 10 kwenda 11 na kurudi, lakini si kila msimbo una pacha wake: mmoja wa zamani unaweza kugawanyika kuwa mitatu, na mitatu ya zamani ikaungana kuwa mmoja. Anayekuambia jedwali hilo litahamisha data za miaka kumi kwa kubonyeza kitufe hajawahi kulifungua.

Niseme na hili kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi: ile sura ya tiba za jadi iliyomo ICD-11 haihusu waganga wetu wa tiba asili. Ilijengwa juu ya tiba zenye asili ya China ya kale zinazotumika pia Japani na Korea, na baadaye ikaongezwa sehemu ya tiba za Ayurveda, Siddha na Unani. Usihamie ICD-11 kwa ajili ya sura hiyo.

Waliotangulia walipitia nini

Marekani ndiyo funzo ninalolirudia. Walikuwa wakitumia toleo lao la ICD-9 lenye misimbo ya utambuzi takriban 14,000, na walipohamia toleo lao la ICD-10 idadi ikaruka hadi zaidi ya 68,000. Tarehe ya kuhama ilipangwa Oktoba 2013, ikasogezwa 2014, ikasogezwa tena hadi Oktoba 1, 2015. Kila iliposogezwa, hospitali zilizokuwa zimeshawafundisha watu ziliumia zaidi kuliko zile zilizolala, kwa sababu mafunzo ya msimbo yasipotumika yanasahaulika. Na walipohama hatimaye, mpango wa Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, ulikubali kwa miezi 12 ya mwanzo kutokataa madai ya madaktari kwa sababu tu msimbo haukuwa mahususi vya kutosha, ilimradi uwe kwenye familia sahihi.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho cha kukazania huku kwetu. Kabla mfuko wowote wa bima, wa serikali au binafsi, haujaitaka hospitali yako ibadilishe misimbo kwenye fomu za madai, ulizeni kwa barua: mtatupa muda gani wa uvumilivu? Makosa ya familia ileile mtayakata? Jibu likija kwa maandishi, lihifadhi. Hospitali ndogo ya shirika la dini, inayoishi kwa fedha za madai ya mwezi uliopita, haiwezi kuhimili miezi mitatu ya makato ya kujifunzia.

Na kama bima yako bado inadai ICD-10, basi hilo ndilo linaloamua upande wa madai. Hakuna sababu ya kupigana nalo. Kinachowezekana ni kurekodi kwa ICD-11 ndani na kutoa ICD-10 nje kupitia jedwali, ila tu kama kuna mtu anayepitia tafsiri ile kwa macho kila siku. Kama mtu huyo hayupo, baki na moja.

Sasa mashine

Watu wanaposema "programu ya kuweka misimbo" wanachanganya vitu vinne ambavyo havifanani hata kidogo.

Cha kwanza si mashine: ni mtu na kitabu. Juzuu tatu za ICD-10 rafuni, faharasa ya alfabeti imechakaa kwenye herufi M. Msiidharau njia hii. Mweka misimbo mwenye miaka kumi kazini anajua kwamba daktari fulani akiandika "homa kali" bila kuongeza neno anamaanisha bado anasubiri majibu, na ananyanyua simu. Hakuna zana nitakayoitaja hapa inayonyanyua simu. Ubaya wake ni kasi, na kwamba ujuzi wote unakaa kichwani mwa mtu mmoja. Akistaafu, au akipata kazi mjini, mmerudi mwanzo.

Cha pili ni zana ya kutafutia, na kwa ICD-11 WHO imeitoa bure. Unaandika neno, nayo inakuletea misimbo inayolingana huku ikipendekeza maneno yanayoendana na ulichoanza kuandika. Inapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu, Kichina, Kirusi na lugha nyingine. Kwa hiyo daktari wa Bukavu au Bujumbura anayeandika Kifaransa na mwenzake wa Mwanza anayeandika Kiingereza wanafikia msimbo uleule, jambo lenye maana kubwa kwa wagonjwa wanaovuka Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika wakiwa na makaratasi mkononi. Kizuri zaidi, inaweza kusimikwa kwenye seva ya hospitali ikafanya kazi bila intaneti, na watengenezaji wa mifumo wanaweza kuiunganisha na mfumo wenu kupitia kiunganishi chake cha wazi. Gharama yake ni muda wa afisa TEHAMA na mafunzo ya watumiaji.

Ina hatari moja. Ukiiweka mbele ya daktari kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, na foleni imefika getini, atachagua kinachotokea juu kabisa kwenye orodha. Hata mimi ningefanya hivyo. Kwa hiyo daktari achague, lakini mtu wa kumbukumbu apitie.

Cha tatu ni programu za kanuni, na hizi zimekomaa kwenye eneo moja: sababu za vifo. Cheti cha kifo cha kimataifa kina sehemu ya kwanza, ambapo daktari anaandika mlolongo kuanzia kilichoua moja kwa moja kushuka hadi kilichoanzisha yote, na sehemu ya pili ya hali zilizochangia. Kuchagua chanzo cha msingi kutoka kwenye mlolongo huo kuna kanuni ndefu ambazo hata wazoefu hubishana. Iris, inayosimamiwa kutoka Ujerumani, imekuwa ikifanya kazi hiyo kwa ICD-10 katika nchi nyingi. WHO nayo imetengeneza DORIS kwa ajili ya ICD-11. Kwa kazi hii naamini mashine kuliko mtu aliyechoka, kwa sababu inatumia kanuni ileile asubuhi na jioni.

Lakini mfikirie mama aliyefariki baada ya kujifungua. Daktari wa zamu ya usiku ameandika kwenye mstari wa kwanza "moyo kusimama", akaacha mistari iliyobaki wazi. Kila anayekufa moyo wake husimama. Programu haina pa kushika, itatoa msimbo wa moyo, na kifo cha uzazi kimepotea kwenye hesabu ya vifo vya uzazi. Angeandika mstari wa pili "mshtuko wa kupoteza damu" na wa tatu "kutokwa na damu baada ya kujifungua", chanzo cha msingi kingetoka wazi, O72, na mama yule angehesabiwa alipostahili. Dakika moja zaidi ya kalamu ndiyo inayotenganisha vyeti hivyo viwili.

Cha nne ndicho kinachotangazwa sana: programu inayosoma faili lenyewe na kutoa msimbo, siku hizi kwa akili mnemba. Hospitali za Marekani zimekuwa na programu za kusaidia waweka misimbo kwa miaka mingi sasa. Zinasoma maandishi ya daktari, zinapigia mstari maneno, zinapendekeza, na binadamu anathibitisha. Zinasaidia pale ambapo faili lote ni la kielektroniki, limeandikwa kwa lugha moja, kwa mpangilio unaotabirika.

Chukua faili letu sasa. "Hx ya homa 3/7, kutapika, BS +ve, RVD on ART." Kiswahili, Kiingereza na vifupisho kwenye mstari mmoja. Ile RVD ni namna ambayo madaktari wengi huandika VVU ili ndugu aliyeshika faili asisome. Ni heshima kwa mgonjwa, na mweka misimbo yeyote wa ukanda huu anaielewa. Programu iliyofunzwa kwa mafaili ya Boston inaweza kuiruka. Mgonjwa anakosa msimbo wa VVU, kliniki ya tiba na matunzo inaonekana ina wateja pungufu, na dawa za robo mwaka zinaagizwa kwa hesabu hiyo.

Nilikuwa karibu na hospitali moja iliyonunua programu ya namna hii. Siku za mwanzo furaha ilikuwa kubwa, maana mafaili yaliyokuwa yakikaa wiki yalimalizika kwa siku mbili. Mwezi wa pili madai yakaanza kurudi. Tulipokaa kupitia moja moja tukakuta programu imesoma "malaria ruled out" ikaweka malaria. Imesoma kwenye historia ya familia kwamba mama mzazi ana kisukari, ikampa mgonjwa kisukari. Hakuna aliyekusudia kudanganya, lakini kwa mkaguzi wa bima dai la kisukari kisichokuwepo linafanana na udanganyifu, na aliyeitwa kujieleza ni mganga mfawidhi. Muuzaji wa programu hakuwepo kwenye kikao hicho. Lile neno "ruled out" sasa ndilo la kwanza ninalolijaribu kwenye programu yoyote ninayoonyeshwa.

Kuhusu akili mnemba za mazungumzo, zile za kuuliza na kujibiwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwenye jarida la NEJM AI, kwa data za mtandao wa hospitali za Mount Sinai jijini New York, ulizipima kwa namna rahisi kabisa: zilipewa maelezo ya msimbo na kutakiwa zitoe msimbo wenyewe. Hakuna iliyofika asilimia 50. GPT-4, iliyoongoza, ilipatia sawasawa asilimia 33.9 tu ya misimbo ya ICD-10 ya Kimarekani. Modeli zinabadilika haraka na za leo si zilezile, ila sababu ya kushindwa ni ya kudumu: modeli ya lugha isiyounganishwa na orodha halisi haitafuti msimbo, inaukumbuka, na inapokosa inatunga unaofanana na wa kweli. B50.7 inaonekana halali hadi uitafute kitabuni. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: programu yako inatoa msimbo kutoka kwenye orodha, au inautunga? Na kila msimbo inaoutoa, inanionyesha sentensi ya faili ulikotoka? Kama haionyeshi sentensi, sema asante, funga mlango.

Na usithubutu kubandika muhtasari wa mgonjwa kwenye huduma ya umma ya mtandaoni ili "ujaribu tu". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa juu.

Nani achukue nini

Zahanati na kituo cha afya kisicho na kompyuta ya kuaminika: baki na rejesta zako za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na ICD-10, na kwa vifo tumia orodha fupi ya WHO ya sababu za vifo iliyotengenezwa kwa mazingira kama hayo, ambayo pia inaingia kwenye DHIS2, mfumo wa kielektroniki wa kukusanya takwimu za afya. Usiuziwe kitu.

Hospitali ya wilaya au ya shirika la dini yenye mfumo wa kielektroniki angalau kwa wagonjwa wa nje ndiyo iliyo kwenye njia panda hasa, na hapa nasema bila kusita: hamieni ICD-11 ndani kwa zana ya bure ya WHO iliyosimikwa kwenye seva yenu, mkianza na wodi moja. Ningeanza na watoto, kwa sababu malaria, selimundu na upungufu wa damu ndipo ICD-11 inapoonyesha faida yake mapema. Selimundu yenye maumivu makali inatengana na isiyo nayo, 3A51.2 na 3A51.1, na kundi linaeleza kilicholeta mgonjwa safari hii. Fedha ambazo mngelipia programu ya kusoma mafaili, ajirini mtu wa pili wa kumbukumbu, na mlipie kikao cha saa moja kila wiki kati ya masijala na madaktari, chai ikiwepo. Kikao kile kilibadilisha mafaili yetu kuliko kitu kingine chochote: daktari anaoneshwa alichoandika, msimbo uliotoka, na kiasi kilichokatwa.

Hospitali ya rufaa yenye faili kamili la kielektroniki inaweza kujaribu programu ya kupendekeza misimbo, ikiwa na binadamu anayethibitisha na mkataba unaosema data inakaa wapi na nani anabeba hasara ya makato. Vifo, pelekeni kwenye Iris au DORIS kulingana na ainisho mnalotumia.

Vyovyote utakavyochagua, jaribu kwanza kwa mafaili 100 ya mwezi uliokwisha, yaliyokwishalipwa au kukatwa. Wape watu wawili wayaweke misimbo kila mmoja peke yake, kisha ipe zana. Usipime kasi. Hesabu mahali ambapo watu wawili hawakukubaliana wao kwa wao, kwa sababu hapo tatizo liko kwenye maandishi ya faili na hakuna zana itakayolitatua. Kisha hesabu mahali ambapo watu walikubaliana na zana ikakataa. Mafaili hayo soma mwenyewe, moja baada ya jingine, ukiwa na daktari aliyeyaandika pembeni.

Lile la mtoto wa B54 tulilirudisha kwa daktari wake. Alilisoma, akafunua majibu ya maabara nyuma, akaongeza kwa mkono wake maneno manne: kali, upungufu wa damu.